Pole ya Lodwar

Baba Zuhura mpenzi,

Niko eda, huu ni mwezi wa tatu. Nimekaa chumbani kwetu hapa Bellevue, Johannesburg, cherehani nimeisogeza dirishani, na meza yangu ya kule Malvern, Jules Street, nimeifunga mpaka muda utimie. Bi Mwanaidi wa chumba cha pili ndiye anayeniletea nguo za wateja na kuzirudisha. Napiga pindo, natia zipu, nakula, nalala. Silii. Wanaokuja kunihani wananitazama usoni wakitafuta machozi, wakiyakosa wanatazama zulia.

Sikuandikii ili nikulilie. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja, pole, ulilonipa Lodwar miaka sita iliyopita. Nataka kujua kama lilikuwa la kunihani au la kuniomba msamaha. Wewe huwezi kunijibu tena, kwa hiyo itabidi nijijibu mwenyewe, na unanijua, nikijijibu mwenyewe huwa najipendelea.

Unakumbuka tulivyoonana mara ya kwanza? Nilikuja karakana yako Bertrams kufuatilia friji ya mwenye nyumba, na wewe ulikuwa unatoka kinyumenyume umekumbatia friji ya mtu mwingine. Ukanikanyaga. Ukasema, "Pole, madam."

Nikakuambia, "Unanikanyaga mwenyewe halafu unanipa pole? Pole anaitoa mpita njia. Aliyekanyaga anasema samahani."

Ukaishusha friji taratibu, ukafuta mikono. "Kwetu ni moja tu," ukasema. "Ukiumia, pole. Nikikuumiza, pole. Kwani shida iko wapi?"

Nilicheka, nikakuambia huko kwenu mna uvivu wa maneno. Mimi wa Tanga, wewe Mluhya wa Mumias, tukaanza urafiki kwa kubishana Kiswahili. Kwa hiyo nilijua. Sitaki kujisingizia ugeni wa lugha. Nilijua tangu siku ile ya kidole cha mguu kilichovimba.

Halafu ikaja ramani. Uliipata kwa mwalimu mmoja, ramani ya Kenya ya kufundishia, kaunti zote arobaini na saba zimechorwa mipaka, hazina rangi. Mwenye nyumba hataki misumari ukutani, ukaibandika ndani ya mlango wa kabati, upande wako. Ulisema ulizaliwa Mumias, ukasoma Mumias, ukapanda basi ukaja huku, na nchi yako uliijua kupitia dirisha la basi tu. "Tutaizunguka sisi wawili kama wageni," ukasema. Kila Disemba, mji huu unapofunga kazi, tulikwenda. Ukaweka na sheria yako: hakuna kupaka kaunti rangi mpaka tumekula chakula cha hapo, na mtu wa hapo ametusalimia tukajuana majina. Kupita hakuhesabiki.

Tuligombana juu ya Machakos, kwa sababu nilikula ndizi stendi. "Ndizi ni chakula," nikasema. "Hiyo ndizi ni ya Kisii," ukanijibu, na Machakos ikabaki nyeupe mpaka mwaka uliofuata.

Ol Kalou, kule Nyandarua, baridi ilitushinda. Mimi niliyezoea Julai ya Johannesburg nilijifunga khanga mbili juu ya sweta, Zuhura ukamtia ndani ya koti lako akabaki kichwa tu. Nilipomwomba yule dada wa hoteli, kwa adabu zangu zote za Tanga, kama angeweza kutupatia viazi vya moto, alisimama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo Kiswahili yako ni ya redio, mama." Ulicheka mpaka ukashindwa kula, nami nikasema kama hujala kaunti haihesabiki, ukala haraka haraka.

Kitui tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharage, kwa mama mmoja aliyekataa kututajia jina lake mpaka tuongeze sahani ya pili. Garissa ulinimalizia chai ya maziwa ya ngamia nisionekane sina shukrani. Iten ulisimama pale juu, bonde la Kerio limelala chini lote. "Hii yote ilikuwa hapa tu," ukasema. "Mimi nilikuwa wapi?" Siku ile nilikupenda vibaya sana. Nalikumbuka hilo, ila nalikumbuka kama jambo nililosimuliwa na mtu.

Sasa Turkana.

Zuhura alikuwa na miaka saba, tulimwacha Mumias kwa bibi yake. Laini yangu ya Afrika Kusini ilikuwa haishiki, kaka yangu Hamisi akawa anapiga kwako. Jumatatu asubuhi, Kapenguria, simu yako iliita, ukatoka nje kuipokea. Uliporudi ukaagiza chai nyingine.

"Nani?" nikauliza.

"Watu wa kazi tu," ukasema.

Alikuwa Hamisi. Alikuambia mama amezidiwa, mrudishe dada. Na nikuseme kwa haki, Baba Zuhura, kwa kuwa huna wa kukutetea: mama alikuwa amezidiwa mara mbili kabla ya hapo, na mara zote mbili tulikatisha safari tukaenda mbio Tanga, tukamkuta amekaa barazani anachambua mchele, anatuuliza mbona tumekonda. Ulidhani ni yale yale. Ulidhani tutafika Lodwar, tutaiona, kisha tutarudi. Hata mimi pengine ningedhani hivyo. Lakini yule hakuwa mama yako, na ilikuwa haki yangu kupewa nafasi ya kudhani mwenyewe.

Jumanne tukaenda kuliona Ziwa Turkana. Nilivua viatu, nikaingia majini, ukanipiga picha. Picha hiyo ninayo. Ninacheka, na mama yangu wakati huo Tanga anauliza kama nimeshapanda basi. Alifariki magharibi. Alizikwa Jumatano asubuhi.

Jumatano mchana tulikuwa Lodwar hotelini, tunakula nyama ya mbuzi na ugali. Dada mmoja aliyeitwa Akiru alitusalimia, akatuuliza tumetoka wapi, akashangaa Johannesburg kuna watu wanaojua Kiswahili. Wewe hukula sana. Ulisubiri nimalize. Ulisubiri mpaka ninawe mikono, ndipo ukasema: "Mama Zuhura, mama ametuacha. Wamemzika leo asubuhi. Hamisi alipiga tangu juzi, tukiwa Kapenguria. Nikasema tufike huku kwanza." Kisha, "Pole. Pole sana, Mama Zuhura."

Nami nikakujibu, "Nimeshapoa."

Ndivyo tunavyojibu kwetu. Jirani akikupa pole unamwambia nimeshapoa, unamkaribisha kiti, mnaongea mengine. Nilikupa jibu la jirani. Kilichonikaa kooni si Kapenguria, hata lile ziwa si sana. Ni kule kusubiri nimalize kula. Niliamini ulitaka kaunti yako ihesabike.

Hatukugombana. Ningekuwa mwanamke wa kupiga kelele ungeshtuka ukajua kuna kitu, lakini nilikuwa na adabu. Nilikupikia, nilikufulia, nilikuuliza habari za kazi. Kila mwaka tukimsomea mama hitima, ulikuja kukaa karibu yangu ukasema pole, nami nikasema nimeshapoa. Nikasubiri useme samahani. Nilikuwa nasema moyoni, siku akilitamka tu neno lenyewe nitamwambia yote. Disemba iliyofuata ulitaja Marsabit, nikasema nina mashono mengi. Iliyofuata hukutaja kitu. Na kupoa kweli nilipoa, kama pasi iliyochomolewa, ukiishika haikuunguzi wala haikunyooshei nguo.

Siku uliyoanguka karakana, waliniita nikakukuta umelala kati ya friji mbili, mlango wa moja uko wazi. Nikaufunga. Sijui kwa nini ndicho nilichofanya kwanza. Wanaume walikuosha, alasiri ukawa umeshazikwa. Kabla hawajakutoa, Bi Mwanaidi alinishika mkono akaniambia, "Mwie radhi mwenzio, mwanangu, asiende na mzigo."

"Nimemwia radhi," nikasema, kama mtu anayeulizwa kama chai ina sukari. Wote walisikia, wakaridhika. Mimi nilijua haikutoka popote.

Jumapili iliyopita Zuhura alikuwa anapiga pasi. Ana miaka kumi na mitatu sasa, mrefu kama wewe, akikasirika anageuka Mzulu kabisa simwelewi. Ameunguza ile khanga ya mama, ile niliyoletewa na Hamisi kutoka Tanga, ninayoswalia. Tundu la ukubwa wa kiganja. Akaja nayo mikononi, akasimama mlangoni.

"Pole, Mama."

Nikamwambia, "Pole ya nini? Kwani mimi ndiye niliyeungua? Mwenye kosa haniambii pole."

"Eish, Mama! Si nasema sori? Pole ndiyo sori."

"Nani kakwambia?"

"Baba." Akaanza kulia. "Hata kwa robot, pale kwa taa za barabara, akigonga mtu na begi, anasema pole. Baba hakuwa na ingine, Mama. Ilikuwa tu hiyo."

Nilikaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nakusubiri utoe neno ambalo hukuwa nalo.

Mtoto akadhani nimekasirika. Akaenda kufungua kabati lako anitafutie khanga nyingine. Tangu Lodwar sijaugusa mlango ule, nguo zako nilikuwa nakuwekea juu ya kitanda uzipange mwenyewe. Ramani ipo. Kijani cha Nyandarua, njano ya Kitui, Machakos uliyoipaka kwa shingo upande. Pokot Magharibi, ya ile Kapenguria, umeipaka. Turkana, ile kubwa yote pale juu, nyeupe.

"Mbona hiyo hakuipaka?" nikauliza. "Tulikula. Tulisalimiwa."

"Mimi nilitaka kupaka, nikiwa mdogo," Zuhura akasema. "Baba akakataa. Akasema hiyo tunangoja Mama."

"Tunangoja Mama nini?"

"Sijui. Alisema tu, tunangoja Mama."

Kwa hiyo hukusubiri nimalize kula ili kaunti ihesabike. Labda ulitaka niwe na kitu tumboni kabla hujanivunja. Labda ulikuwa unaogopa tu, hukupata mahali pa kuanzia. Ulikosea, Baba Zuhura. Hilo halibadiliki, na mama yangu alikufa akiniulizia. Lakini uliniomba msamaha pale pale mezani, ukaniomba tena kila mwaka, mara sita, na mimi niliyekufundisha tofauti ya maneno haya mguu ukiniuma ndiye niliyejifanya sijui.

Machozi bado hayajaja, nisikudanganye. Ninaandika haya mikono yangu imetulia kama ninaandika vipimo vya mteja. Zuhura ameniuliza kama sasa anaweza kuipaka Turkana. Nimemwambia bado. Kula nilikula, lakini kwa sheria yako mwenyewe mimi pale nilipita tu. Eda ikiisha, na Disemba ikifika, tutakwenda mimi na yeye. Nitamtafuta Akiru, nitakaa meza ile, na nitakula huku najua ninachokijua. Tukirudi ataipaka. Ameshachagua rangi, nyekundu.

Lile jibu nililokupa nalirudisha. Ulinipa pole, na jibu lake lilikuwa nimekusamehe. Nimekusamehe, mume wangu. Leo sijaulizwa na Bi Mwanaidi.

Na kwa ile miaka sita niliyokukalisha na mgeni ndani ya nyumba yako, pole. Pole sana, Baba Zuhura. Si ya kwetu, ni ya kwenu.

Mkeo,
Mama Zuhura