Breki ya Kiti cha Pembeni

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, mkwe wako anakusalimu, kazi zinatukimbiza tu.

Mama, nina jambo na sitalizungusha. Shangazi ameniambia baadhi ya Jumamosi alfajiri gari linatoka, wewe umeshika usukani na Fundi Kipara yuko pembeni. Likirudi linanuka breki zilizoungua, na taa za mbele zimebandikwa utepe wa gundi. Shule ya udereva ulishaifunga tangu mwaka jana. Huyo fundi unampeleka wapi?

Sisemi kitu. Ila wewe ni mjane, gari ni lako, na yule bwana ana mdomo mtamu kwa kila mwenye gari bovu. Nisije nikasikia siku moja limeuzwa.

Nijibu upesi.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika kwenye ngazi tu. Msalimie mkwe wangu, mwambie aache kukohoa hovyo, nilimsikia kwenye simu.

Wifi yangu amepewa chumba cha mbele akae, hakupewa kazi ya ulinzi. Mwambie nimesema hivyo. Gari ni zima, fundi ni fundi, na mimi nina akili zangu timamu. Breki zikinuka maana yake zimefanya kazi.

Kama kweli unataka kunisaidia, nitafutie viatu vyenye soli nyembamba, visivyoteleza. Hivi vyangu vya kanisani ni vinene, sisikii kitu mguuni.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Viatu nimevituma, lakini nimevituma roho ikiwa juu.

Husikii nini mguuni? Tena shangazi anasema ameona kofia ngumu, ile ya waendesha pikipiki, nyuma ya kabati lako, na mlango wa gari una namba kubwa iliyobandikwa halafu ikabanduliwa vibaya. Mama, watu wanaobandika namba na kuzibandua huwa wana jambo wanaficha. Nimekosa usingizi. Mume wangu ananicheka, anasema labda umejiunga na majambazi. Mimi sicheki.

Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tulia, ukae chini usome.

Nje ya mji kuna uwanja wa mbio za magari. Baadhi ya Jumamosi wanaufungua kwa watu wa kawaida wenye magari ya kawaida. Hakuna kushindana wala zawadi. Unavaa kofia, unabandikwa namba, taa unazibandika utepe zisimwage vioo zikipasuka, unaingia kuzunguka. Kipara alinipeleka kutazama. Nikasema na mimi nataka.

Gari langu ndilo zee kuliko yote pale. Vijana wananipita kushoto na kulia, mmoja alinipungia mkono kama anampungia bibi yake. Nami nimefurahi kuliko nilivyofurahi tangu baba yako afariki. Baada ya kipande kirefu kilichonyooka kuna kona ya kulia. Unaisubiri, unasubiri tena, moyo unakuambia kanyaga breki, unauambia bado.

Wewe hujui kilivyo kiti cha pembeni. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa pale, mguu juu ya breki ya mwalimu, watu wengine wakiendesha. Wakiniangalia kwa hofu nawaambia, "Usiniangalie mimi, angalia barabara." Wamefaulu, wamekwenda zao. Mimi nilikuwa naendesha kurudi nyumbani tu, polepole, maana gari lilikuwa na kibao cha shule juu.

Kibao nimeking'oa. Mengine yote yako vilevile, hata ile breki ya mwalimu. Kipara anakaa pale kusikiliza injini.

Sikukuambia kwa sababu ungenikataza. Sasa nikataze nione.

Mama yako

20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma na nimefurahi sana kwa ajili yako. Sina neno. Wewe endelea tu, ujifurahishe.

Nakuomba kitu kimoja: usiingie uwanjani bila Fundi Kipara. Awe pembeni yako kila mara. Nilimfikiria vibaya, kumbe ni mtu mwema.

Nakupenda.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Goti lipo.

Barua yako ilikuwa tamu mno. Juzi unamwita fundi mwizi, leo ni mtu mwema? Niliikunja nikaiweka, nikasema ngoja tuone.

Jumamosi iliyofuata gari likawa zito kwenye kona ileile ya kulia. Kipara akasema ni uzee wa injini. Mzunguko wa pili, kabla sijagusa breki, pedali yangu ikazama yenyewe chini ya kiatu. Vile viatu vyako vyembamba, mwanangu. Ungeniachia vile vya kanisani huenda nisingesikia.

Umesahau gari lile limetengenezwaje. Pedali mbili za breki zimeungwa kwa fimbo moja ya chuma. Ya mwalimu ikikanyagwa, ya dereva inashuka pamoja nayo. Wewe mwenyewe ulijifunzia humo. Nilikukanyagia breki pale mzunguko wa sokoni, ukasikia, ukaninunia wiki nzima. Ulisema, "Mama, huniamini." Na kweli sikuwa nakuamini, ulikuwa unaendesha kama unafukuzwa.

Nilitoka uwanjani, nikaegesha, nikazima gari. Nikamwuliza Kipara nani amemtuma. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Mwanao alinipigia simu, Mama. Alikuwa analia."

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Ulinishuku, ukamshuku fundi, halafu ukamchukua huyohuyo fundi ukamweka anikanyagie breki. Ungeniandikia unaogopa ningekuelewa. Umenirudisha kwenye kazi ya kutoaminiana, nami nilidhani nimestaafu.

Ile pedali ya mwalimu nimeifungua mwenyewe kwa spana, pamoja na fimbo yake. Kipara nimemwambia akae nje na vijana wenzake. Uwanja utafunguliwa tena Jumamosi ya mwisho ya Juni. Kiti cha pembeni kiko wazi, ila hakina kitu cha kukanyaga.

Kifurushi hicho ni chako.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Pedali imefika. Mpira wake umelika upande mmoja, upande wa mguu wako.

Nilikosea, na sina maelezo zaidi ya woga. Baba aliondoka ghafla, nami nikaamua wewe hutaondoka, kana kwamba mimi ndiye ninayepanga. Nimeirudia barua yako ya Aprili. Nilipofika pale kwenye kona, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeikandamiza sakafu ya jikoni. Mume wangu aliniuliza naegesha nini.

Nimeomba likizo, nakuja. Nitavaa kofia na nitakaa pembeni yako. Nitaogopa, nitakanyaga sakafu tupu kona zote, na huenda nikapiga kelele.

Usiniangalie mimi, Mama. Angalia barabara.

Mwanao