Maji ya Shamba la Juu

Uyole, Mbeya
9 Februari 1954

Mpendwa Kaka Jailos,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi na matope. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mufindi kwenye chai, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimekuacha. Wifi Esta hajambo? Watoto je, wanalala vizuri na ukungu wa huko? Wangu wanakula na kucheza, namshukuru Mungu. Ila nikisema kwamba hatujambo kabisa nitakuwa nakudanganya, na wewe sijawahi kukudanganya.

Shemeji yako Saulo hayupo nyumbani. Nieleze tangu mwanzo, maana barua yako inaonyesha umeshasikia kwa watu wengine, na watu huongeza chumvi.

Unakumbuka jumbe alimchagua awe msaidizi wa bwana shamba, awaonyeshe wenye mashamba namna ya kukinga udongo usichukuliwe na maji. Anapima mteremko kwa kamba na vigingi, kisha mwenye shamba analima matuta yaliyolala kukatisha kilima, siyo ya kushuka kama tulivyolelewa. Kazi yenyewe ni nzuri, Kaka. Mwaka wa kwanza mahindi yetu yalisimama hadi mavuno, wakati ya wengine yalikuwa yamezolewa hadi korongoni. Lakini ilikuja na amri: asiyelima hivyo anashtakiwa barazani. Basi Saulo akawa jicho la serikali. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza, wanajitwika mitungi yao na kuondoka.

Shamba lililo juu yetu ni la Baba mkubwa Kalinga, kaka wa marehemu baba mkwe. Amekataa kamba isiguse ardhi yake. Analima matuta ya kushuka, na maji yake yote yanatuangukia sisi. Mwezi uliopita mvua ilinyesha mchana kutwa. Tulisimama mlangoni tukisikia matuta yetu yakipasuka, moja linavunja jingine. Ilipokatika, mahindi yalikuwa chini ya tope, na maharage sikuyaona kabisa.

Bwana shamba alikuja akakasirika kwamba shamba la msaidizi wake ndilo lililoharibika kuliko yote. Akamwambia Saulo, "Mshtaki mzee wa juu. Wewe ulimwonyesha akakataa, wewe ndiwe shahidi."

Saulo akajibu, "Bwana, yule ndiye aliyenilea. Siwezi kumpeleka kifungoni."

"Basi utakwenda wewe."

Kaka, kabla ya siku ya baraza nilifanya jambo ambalo mama yetu angelisikia angeshika kichwa. Nilimwendea Baba mkubwa. Unajua mila yetu: mkamwana hakutani macho na wazazi wa kiume wa mumewe, hata sisi wa kanisani bado tunaona haya. Nikasimama nyuma ya migomba, nimempa mgongo, nikamwambia mkewe Mama Damari maneno yangu, naye mzee akajibu kupitia kwake ingawa tulisikiana vizuri.

Nikasema, "Mama, mwambie Baba kwamba Saulo anafungwa kwa ajili yake. Akubali matuta matano tu, pale mpakani."

Mzee akasema, "Mwambie mkamwana, mimi kwetu Rungwe walikuja hivyohivyo, na kamba na vigingi. Walisema wanapima tu. Mwaka uliofuata shamba la baba yangu likawa la mzungu wa kahawa, nasi tukahamia huku. Simchukii Saulo. Lakini kamba haitapita kwangu nikiwa hai."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nilirudi nyumbani sina hata hasira ya kushika.

Saulo amehukumiwa kwa kukataa kumshtaki mzee, anapasua mawe kwenye barabara ya Rujewa hadi Pasaka. Waliokuwa wakimwita jicho la serikali hawakuja hata kunipa pole. Na wa serikali nao wameshachukua kamba yao.

Nikashika jembe. Nilichimba mfereji upande wetu, kandokando ya mpaka wote, ili maji ya juu yaingie humo yatulie. Nilikuwa bado nachimba nilipomwona Mama Damari anashuka na mzigo wa mabingobingo kichwani, yale majani marefu ya ng'ombe. Akautua.

"Baba yako amesema uyapande ukingoni. Mizizi yake inashika udongo."

"Na kwake je, Mama?"

Akatikisa kichwa. "Kwake usiulize, mwanangu." Kisha akapiga magoti akaanza kupanda pamoja nami.

Mfereji umeokoa mahindi yaliyobaki. Lakini kila mvua inaujaza tope la juu, nami sharti nilizoe kabla mvua nyingine haijaja. Nikiuacha mara moja tu, utapasuka na kila kitu kitakwenda.

Umeniandikia nichukue watoto nije kwenu mpaka Saulo atoke. Ndaga fijo, asante sana, Kaka, nililia nikisoma. Siwezi. Hakuna mwingine wa kulizoa tope. Asubuhi nikiinama mferejini, najua Baba mkubwa amesimama kule juu ananitazama. Kushuka kunisaidia hawezi, ni haramu kwake kunikaribia. Kupanda kumsihi tena siwezi. Leo alikohoa, ili nijue yupo. Nami nikakohoa, kisha nikaendelea kuzoa.

Nisalimie sana Wifi Esta, Shangazi Lusia, na Danieli mwambie asiache shule. Mwanangu Ikupa anawasalimu, anauliza kama chai inaota ikiwa na maziwa ndani.

Mungu awafunike kwa mkono wake, na aizuie mvua huku kidogo, hata wiki moja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Atuganile