Riwaya ya Tatu na Kaburi la Mama

Dada Zulfa,

Assalaam alaykum. Magoti yako yanaendeleaje huko Mtwara? Sisi hapa Afungi wazima, alhamdulillahi.

Katika shindano letu la kusoma kiangazi hiki umenishinda. Riwaya ya pili uliyonipitishia mpakani Namoto ina maneno mengi kuliko mambo. Ya tatu nimekwama kwa yule mjane anayekataa kuhama. Nilimcheka, nikamwambia mume wangu, "Mkaidi huyu." Akajibu, "Ngoja wakufikie wewe."

Wamefika, dada. Kijiji kinahamishwa kupisha mradi wa gesi, na makaburi pia. Shehe kasema mama ahamishwe iwapo watoto wake wote tumekubali. Tukikataa, atabaki ndani ya uzio wa mradi, sisi nje.

Tumhamishe au tumwache? Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako,
Mwanaamina