Mkate Wangu wa Noeli

Jumapili, 11 Desemba 1994

Leo baada ya misa nimenyang'anywa mkate wa Noeli. Miaka tisa nimeuoka mimi, kwa chai ya jumuiya asubuhi ya sikukuu, kwenye tanuri la pipa nililolijenga kwa mikono yangu. Mwenyekiti wetu, mama Milembe, kasema, "Kwandu, mayu, mama yangu, mwaka huu pumzika." Ataoka Benedikta wa duka la unga. Ana oveni ya gesi kutoka Mwanza. Siku hizi kila kitu kutoka Mwanza! Na anayemletea mizigo ni nani? Nyanda, mume wangu, na pikapu yake.

Jumatano, 14 Desemba

Nimeanika maembe juu ya bati, kama michembe ya viazi. Najua sioki. Nimeanika tu.

Oveni yake inatoa mikate minne kwa mkupuo. Pipa langu miwili, dakika hamsini. Sawa. Lakini yeye atatia zabibu za pakiti, kavu kama kokoto. Mimi maembe yangu nayalowesha kwenye chai ya mchaichai tangu jioni — vikombe vitatu kwa mikate miwili. Hilo hajui. Anajua Nyanda peke yake, maana ndiye hunikatia mchaichai.

Jumamosi, 24 Desemba

Benedikta kaja mwenyewe na kipande kwenye sahani, eti nionje. Laini. Maembe. Halafu — mchaichai! Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akacheka kidogo, akajifunga khanga upya.

"Muulize shemeji, dada. Ndiye anayependa uwe hivyo."

Anayependa. Hakusema aliyenielekeza.

Jioni Nyanda karudi. Kasema alionja tu wakati wa kushusha mizigo. Mara ngapi? Mara moja. Nikamtazama. Labda mbili. Tangu maembe yaanze kuiva kaenda Mwanza safari saba. Safari zote saba kaingia nyumbani ameshiba! Nilidhani kala njiani.

Jumapili, 25 Desemba. Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Nyanda anapiga kiatu rangi. Kile kile cha kulia, dakika ya ishirini sasa. Nimemwekea chai bila kitafunwa. Nimemwambia sitaki habari za mizigo wala za oveni.

"Huo mkate ulikuwa unaula dukani, au ndani kwake?"

Kasema nisiharibu sikukuu. Kainama tena.

Kengele ya kwanza ni saa moja na nusu. Ikilia nataka neno moja tu, na nimemwambia hivyo: dukani, au ndani.