Uso Uliotulia Kwenye Wolzi

Salimu, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Huku ughaibuni, hapa Etobicoke, hatujambo, ila theluji imekataa kuondoka na mama yako anarudi kutoka kazini amechoka. Unauliza dansi ya wolzi imetoka wapi, maana mchumba wako anaitaka harusini.

Mwalimu wetu wa dansi kule Tanga alisema ilianza kwa wakulima wa milima ya Austria, na wazee wao wakanuna kuona mwanamume amemshika mwanamke kiunoni hadharani. Wetu pia walinuna. Mimi nilikwenda tu, nikiwa mchumba wa babu yako.

Mdundo wa kwanza mzito, miwili myepesi, na huku mnazunguka. Nilikuwa natazama miguu yangu, nikashikwa na kizunguzungu, nikataka kukaa. Babu yako akasema, "Nitazame mimi." Nikainua macho. Ukumbi mzima ulizunguka, uso wake tu ukatulia.

Juzi redio ilipiga wolzi nikiwa jikoni. Nikajizungusha kidogo, kisha nikashika meza. Babu yako hayupo tena; sikuwa na uso wa kutazama.

Nikija harusini Arusha, mwombe bibi harusi ruhusa, unizungushe mara moja. Uso ule unao wewe.

Bibi yako