Chumba Chenye Magurudumu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo wao kimeshaisha. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujapungua nguvu. Mimi na cherehani yangu tunasukumana hivyo hivyo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikimtaja Baba unakata, na barua haikatiki. Kwa hiyo tafadhali usiiweke pembeni ukifika hapa. Isome mpaka mwisho.

Lile basi lako la zamani sasa liko uani kwetu. Kampuni ilipokupa jipya, hilo walilitupa nyuma ya karakana likisubiri kukatwakatwa. Baba akapata habari, sijui kwa nani, akavaa shati lake la kazi akaenda kuliomba. Hakumwambia mtu. Tulishtukia tu linavutwa kinyumenyume kuingia uani, banda la kuku limelala chini, na Baba amesimama anaelekeza kwa mikono. Mama akatoka na mwiko akauliza hiki nini. Baba akamjibu kuwa ni chumba cha wageni. Mama akamwuliza wageni gani, wakati dada yake Baba mwenyewe alilala hapa siku mbili tu akaanza kuulizia basi la kurudia. Baba aliingia ndani ya gari akakaa.

Mungu anisamehe, nilidhani akili imeanza kumruka. Wewe unajua kuliko mimi jinsi gari lile lilivyoivunja nyumba yetu. Tulipokuwa wadogo tulipanga viti sebuleni, wewe dereva na kifuniko cha sufuria mkononi, mimi konda, na Baba akirudi kazini anakaa kiti cha nyuma na kulipa nauli kwa vifungo vya shati. Alikuwa akicheka sana. Kisha ukaja kukua, ukaajiriwa kampuni ile ile, ukaingia siku ile na sare mpya kumwambia umepewa gari lake. Akasema kampuni imemtoa ili wewe uingie, na kwamba ulijua. Akakuapia mbele ya majirani: "Chini ya paa langu hulali tena." Na wewe, usinikasirikie, kichwa chako ni kile kile chake. Ulibeba begi lako ukaondoka, na hukugeuka hata mara moja. Mimi ndiye niliyebaki katikati, nikikupigia simu nikiwa nyuma ya nyumba kama mwizi.

Basi kazi ikaanza. Aliitwa fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche. Waling'oa viti, wakabakiza safu moja nyuma ya dereva iwe mahali pa kukaa na kupiga soga. Mabomba ya viti vingine wakayaunga yakawa kitanda, kiko kule mwisho palipokuwa na kile kiti kirefu. Rafu za mizigo zimebaki zilivyo, za kuwekea nguo. Mimi nilishona mapazia ya madirisha yote, na ukikumbuka basi lile lina madirisha mangapi utanionea huruma. Kengele ya kushukia bado inalia. Siku hizi Mama anaivuta kumwita Baba kula.

Tatizo lilikuja kwenye magurudumu. Cheche alishauri wayatoe, wapandishe gari juu ya matofali, lisiyumbe. Baba akawaka. Alisema atakayegusa gurudumu hata moja akusanye vyombo vyake aende. Cheche akaniuliza pembeni kama mzee ana mpango wa kulitia barabarani gari lisilo na injini. Nikamwambia sijui. Tangu hapo Baba anayajaza matairi upepo kwa pampu ya mkono, jasho linamtoka, akimaliza la mwisho la kwanza limeshaanza kunywea. Mama alimtazama siku ya kwanza, akacheka kidogo, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo akaacha kabisa kumgombeza kuhusu banda la kuku.

Kiti cha dereva nacho kikawa kesi. Nilisema kitolewe, tuweke kabati. Akakataa. Unajua urefu wake, na unajua wewe ulivyo. Kiti bado kiko pale pale ulipokivuta mbele, na ule mto niliokushonea ukaukalie uko juu yake. Kila alasiri Baba anajikunja pale, magoti yanagonga usukani, na hataki kukisogeza. Siku moja alipitisha vidole kwenye ukingo wa mto akasema, "Mshono huu naujua." Nilikuwa nimeushona kwa siri, nikajua siri imetoka.

Wiki iliyopita ndipo mambo yalipofunguka. Alipaka rangi ubavu mmoja wa gari peke yake, tangu asubuhi, hataki msaada. Alipomaliza akatuita tuone. Chini ya madirisha palikuwa na nafasi kubwa, upana wa mlango, kutu tupu, hata brashi haijapita. Naye amesimama anaitazama palepale, anatuuliza kama haing'ai. Cheche aliniangalia. Mimi nikamwangalia Mama. Cheche akasema inang'aa, mzee, imependeza sana. Kesho yake alikuja mapema akapapaka rangi kabla Baba hajatoka.

Nilimfuata Baba ndani ya gari nikamwuliza waziwazi anaona kiasi gani. Nilidhani atanifukuza na mimi. Kisha akasema maneno haya, na ninakuandikia kama alivyoyasema:

"Nilianza kutoona nikiwa bado barabarani. Walinipima macho, nikashindwa, wakanitoa. Dada yako alipopewa gari, mimi nilikuwa nimeshatoka. Hakuninyang'anya kitu."

Dada, nilikaa chini pale pale ngazini. Aliwaomba wakubwa wa kampuni wasimwambie mtu, nao wakamfichia. Alisema aliona aibu watu aliowabeba miaka yote wajue waliendeshwa na kipofu. Ulipoingia na sare yako, ikawa rahisi kwake kusema ameporwa. Sisi naye tunaishi nyumba moja, na hatukuona. Aliacha kusoma magazeti akisema yote uongo, tukadhani ni ukaidi wa uzee.

Nilimkasirikia. Nilimwambia amekubebesha mzigo usio wako miaka yote hii. Akasema ni kweli. Sijawahi kumwona Baba akikubali kosa bila kubisha, na ilinitisha kuliko kelele zake. Daktari wa macho amemwambia kilichobaki kinaondoka na hakitarudi. Sura ya mtu bado anaiona ikimkaribia. Anataka aione yako kabla haijawa giza.

Nikamwambia basi mwite, futa kiapo chako. Akasema aliapa mbele za watu na hawezi kukimeza. Kisha akagonga sakafu kwa kisigino, akasema huku chini kuna magurudumu, hii siyo nyumba, na paa hili halikuwahi kuwa lake. Hapo ndipo nilipoelewa chumba hiki kilikuwa cha mgeni gani. Mama alielewa siku ya matairi. Mashuka alikuwa ameshayafua. Nilicheka, Dada, halafu nikalia. Huyo ndiye baba tuliyepewa.

Sikuandikii umsamehe. Hayo ni yenu wawili, na mimi mwenyewe moyo haujatulia. Nimetaka tu uyajue sasa, usije ukaniuliza baadaye kwa nini nilikuficha.

Nilimwambia nakuandikia, na kwamba jambo la kwanza utakalouliza ni utalala wapi, maana wewe hujakisahau kiapo kile. Alifuta usukani kwa pindo la shati, polepole, mzunguko mzima, kisha akanijibu:

"Mwambie halali kwangu. Analala kwenye gari lake."

Mama anawasalimu nyote, anasema watoto waje waivunje hiyo kengele, imemchosha. Cheche naye anakusalimu. Za Baba sina. Nilimwomba anipe salamu za kukuletea akakataa, akasema atakusalimia mwenyewe ukifika, usogee karibu.

Mdogo wako akupendaye,

Konda