Minazi Yako Iliyokauka

Kiembeni, Kisauni,
Mombasa.
9 Februari 2025.

Mpendwa Kaka Badi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe na wifi Hanan na watoto. Mgongo umepata nafuu? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila Mama miguu inamvimba, nami nimekonda mpaka buibui linanipwaya.

Simu zangu hupokei, basi nimeandika. Nasreen, jirani yetu, anakuja huko kumwona mwanawe, nimemwambia akutie hii mkononi. Usimkimbie na yeye.

Ni habari ya shamba la marehemu Baba. Unakumbuka alivyotugawia minazi tukiwa wadogo: ya Kaka Habib upande wa kisima, yako kando ya barabara, yangu nyuma ya nyumba. Kila mtu akawa anaangua yake. Udongo hakuutaja, na sisi hatukumuuliza. Nani angemuuliza Baba mambo ya udongo akiwa hai? Angeona tunamchimbia kaburi.

Sasa minazi yako imeliwa na wadudu wa chonga, imekauka yote. Kaka Habib amekwenda kwa kadhi kufungua mirathi, akamtaja Mama, yeye na mimi. Wewe hukutajwa. Nilipomuuliza, akanijibu huku anakunywa chai yangu, "Badi fungu lake lishakauka. Hana lake tena hapa." Na wallahi anaamini anachosema, ndiyo maana nachoka naye. Mwizi ningejua la kumwambia.

Nikaenda Mtopanga kwa wakili Gladys, mama wa bara anayesaidia watu bure kwa kesi za mashamba. Nilikaa kwenye foleni mpaka kiuno kikafa ganzi. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Kilichokauka ni miti, mama. Mtoto wa marehemu bado ni mtoto." Minazi na udongo vyote vitagawanywa kwa sheria ya dini, nawe umo. Aliniandikia pingamizi na kadhi akasimamisha shauri. Lakini kadhi ataka kukuona, au uteue mtu wa kukusimamia. Mtu huyo ni nani kama si mimi? Nami nimechoka, kaka.

Tena nikwambie ukweli. Kaka Habib ameniahidi kwamba nikikubali uachwe nje, nyumba hii na kiwanja chake vitakuwa vyangu. Nikikataa, atashikilia shamba liuzwe lote, mimi na Mama tukapange chumba Chaani. Nimekataa. Sikukataa kwa furaha. Kuna siku nakukasirikia wewe kuliko yeye, maana yeye angalau yupo.

Mama anakusalimu sana. Siku hizi hulitaja jina lako akimaliza kuswali. Shangazi Kahaso naye anakusalimu, na anauliza kama bado unapenda mkate wa sinia. Nibusie binti yako Samiha.

Shauri litasikizwa baada ya Idi. Mola akufungulie njia na akulinde safarini. Kadhi akiniuliza tena ndugu yangu yuko wapi, sitaki kumjibu Muscat. Nataka nigeuke nimwoneshe kwa kidole ulipoketi.

Akupendaye hata akichoka,
Dadako Wardah.